Kwa nini tuhesabu kwa kumi? Naona kumi na mbili ndiyo ingetufaa

#1 Mgosi_wa_Ngamiani

Salaam wanajamvi. Naleta dai, nanyi mlichambue. Kumi ni namba dhaifu kwa hesabu za kila siku, tumeishika kwa sababu ya vidole tu. Inagawanyika kwa mbili na kwa tano, basi. Watu watatu wakigawana shilingi 10,000, kila mmoja anapata 3,333 na shilingi moja inabaki haina mwenyewe. Kumi na mbili inakubali mbili, tatu, nne na sita.

Mimi nauza jumla, naona kila siku. Kreti la soda chupa 24. Kalamu na daftari dazeni. Trei la mayai 30. Mwenye kiwanda akipanga mzigo kwenye boksi anataka safu zilingane, tatu kwa nne au nne kwa sita. Saa zetu 12, miezi 12. Kwa nini basi tukishika kalamu tunarudi kwenye kumi? Tungeongeza tarakimu mbili, moja ya kumi na moja ya kumi na moja, halafu "10" ingesomeka dazeni na "100" ingekuwa dazeni kumi na mbili, yaani 144 tunazoandika sasa. Mwenye hoja aje.

#2 WajaLeo

Yaani Mgosi unataka dunia nzima irudi darasa la kwanza kwa ajili ya chenji ya shilingi moja ambayo hata sarafu yake hujaigusa siku nyingi?

#3 FundiSaa

Mgosi nakuunga mkono, na hata hao vidole unaowalaumu hawana kosa. Geuza kiganja. Tumia gumba kugusa pingili za vidole vinne vilivyobaki: kila kidole pingili tatu, jumla 12 kwa mkono mmoja. Ukimaliza, kunja kidole kimoja cha mkono wa pili. Vidole vitano vikiisha kukunjwa umefika 60. Hapo ndipo watu wa Babeli walipopata dakika 60 na duara la digrii 360.

#4 Mwalimu_Makorora

FundiSaa, ya kwamba sitini ilizaliwa kwenye pingili ni dhana ya watu wa baadaye wakitafuta maelezo mazuri. Vibao vya udongo vya Sumeri na Babeli vinaonyesha jambo jingine la kuvutia: hesabu yao ilikuwa ya sitini, lakini ndani yake kuna kumi. Walikuwa na alama mbili tu, ya moja na ya kumi. 47 unaandika alama za kumi nne na za moja saba. Ukifika 60 unaanza safu mpya. Kwa hiyo kumi walikuwa nayo vilevile.

Na vidole havilazimishi chochote. Wayuki wa California walihesabu nafasi zilizo kati ya vidole, wakapata nane. Nigeria kuna lahaja ya Kigwandara, ya Nimbia, inayohesabu kwa kumi na mbili hasa, bila kiwanda cha soda. Mikono ni ileile.

#5 Bint_Ustadhi

Asalaam alaykum. Hizo pingili za FundiSaa wengi wetu tunazitumia kila baada ya swala bila kuziita hesabu. Pingili tatu kila kidole, gumba nalo ukilihesabia tatu, mkono mmoja ni 15, miwili 30, unaongeza kidole kimoja unapata 33.

Lakini nililokuja nalo ni mirathi, maana huko hoja ya Mgosi ina nguvu kuliko dukani. Mafungu yaliyotajwa ni sita: nusu, robo, thumni (moja ya nane), theluthi mbili, theluthi na sudusi (moja ya sita). Ili ugawe bila vipande unatafuta namba ya chini inayokubali mafungu yote ya waliopo. Wanazuoni wanaiita asili ya masuala, na zipo saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Kumi haimo. Tano haimo.

Mfano: mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke thumni, mama sudusi, mtoto anachukua kinachobaki. Asili ni 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Safi kabisa. Sasa igeuze iwe shilingi milioni 10 kwa mfumo wetu: mke 1,250,000, mama 1,666,666 na senti zisizokwisha, mtoto 7,083,333 na senti zisizokwisha. Ugomvi wote wa kikao unaanzia kwenye hizo sita na hizo tatu zisizokwisha.

#6 Mgosi_wa_Ngamiani

Dada Bint_Ustadhi shukrani, hilo sikuwa nalo. Wanajamvi mmesoma? Kumi haimo hata moja!

#7 Mwalimu_Makorora

Taratibu. Naomba tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa tangu #1. Kuna *fungu*, yaani unapanga vitu vingapi pamoja, na kuna *msingi wa kuandika*, yaani ukifika wapi unahamia safu ya kushoto. Wanazuoni hawakubadilisha msingi. Waliandika 24 kwa tarakimu zilezile za kumi, wakagawa hisa, wakamaliza. Kreti la soda nalo ni fungu. Mgosi anatumia mifano ya fungu kuthibitisha madai ya msingi.

#8 Bint_Ustadhi

Nakubali kuna tofauti, mwalimu, ila usiifanye kubwa kupita kiasi. Hisa zinakwenda vizuri mpaka hapo mali inapokuwa fedha, na fedha imeandikwa kwa kumi. Shida inatokea pale fungu linapokutana na msingi. Na hata 24 yenyewe haitoshi kila siku. Akibaki mke, mabinti wawili, baba na mama, mafungu yao ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Hapo ndipo inapoingia auli: mali inagawanywa kwa 27 na kila mtu anapungua kidogo, mke anatoka moja ya nane anaingia moja ya tisa. Hakuna namba itakayokubali kila familia.

#9 MamaPishi

Nyote mnazungumza theluthi. Mimi nauza nafaka Mgandini na sijawahi kuona mteja anaomba theluthi ya kilo ya unga. Anaomba nusu. Hana hela, robo. Hana kabisa, nusu robo. Wazee wetu walipima hivyohivyo: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Kila hatua ni kukata katikati au kurudia mara mbili, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuhakikisha kwa macho, kwa kumimina chombo kidogo mara mbili ndani ya kikubwa. Theluthi utaihakikisha vipi kwa macho? Kama mnatafuta namba ya watu wa kawaida, ni mbili, na watoto wake nne, nane, kumi na sita.

#10 Kijana_wa_Donge

Mama Pishi umesema lililo moyoni mwangu. Mimi naandika programu, na kompyuta yote ni mbili: umeme upo, umeme haupo. Sisi tunaikusanya kwa 16 ili isomeke. Na kwa vidole, mkizitumia kwa mtindo wa mbili, kila kidole kina hali mbili, kimesimama au kimelala, mikono miwili inafika 1,023. Nyinyi wa kumi mnaishia kumi, FundiSaa anaishia sitini.

#11 WajaLeo

Na ukifika namba nne kwa mtindo huo unasimamisha kidole cha kati peke yake mbele za watu. Jaribu sokoni uone utakavyorudi nyumbani.

#12 MzeeWaKete

Vijana, hili la mbili na nane mbona mnalitafuta kwenye kompyuta? Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo nane, na kete 64. Kila mchezaji 32: sita kwenye nyumba (lile shimo la mraba), mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza moja moja. Ukikaa kwenye bao hakuna kumi popote.

Sikilizeni jambo moja ambalo mchezaji anayejua hulitumia. Upande wako ni mashimo 16 yanayozunguka. Ukichota kete 16 na kusambaza, ya mwisho inaangukia shimo ulilochota. Kete 17 zinaishia mahali ambapo kete moja ingeishia. Kwa hiyo shimo likijaa huna haja ya kujua ni ngapi, unahitaji kujua zimezidi 16 kwa ngapi. Na shimo likizidi 15 halina tena mtaji wa kula, yaani huwezi kulitumia kuteka kete za mwenzako. Nimewaona wazee wasiojua kuandika hata jina wanaifanya hesabu hii kwa kutazama tu, kete zikiwa bado zinalia kwenye mbao.

#13 Kijana_wa_Donge

Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo hesabu ya mabaki tunayofundishwa chuoni, na huku inafundishwa kwa mfano wa saa, wakati bao lingefaa zaidi.

#14 MzeeWaKete

Marahaba. Njoo jioni ufundishwe.

#15 Mjukuu_wa_Manamba

Habari zenu. Babu yangu alikuja Tanga kutoka Tunduru kukata katani, na kwa Kiyao tano ndiyo nguzo. Sita ni *msano na jimo*, tano na moja. Saba *msano na gawili*, tano na mbili. Wamakua nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo kabla hamjagombania kumi na kumi na mbili, kumbukeni kuna watu walisimama kwenye mkono mmoja na biashara zikaenda.

Halafu shambani kulikuwa na namba nyingine kabisa. Majani ya katani yanafungwa mafungu ya 30. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30, unatiwa alama kila siku uliyomaliza kazi, na mshahara haulipwi mpaka kipande kijae. Babu alihesabu majani kwa tano kama alivyolelewa, tano mara sita anafunga kamba. Thelathini inakubali mbili, tatu, tano, sita, kumi na kumi na tano. Kumi na mbili ya Mgosi haikubali tano, na tano ndiyo mkono.

#16 Mgosi_wa_Ngamiani

Mjukuu, thelathini kama msingi utahitaji tarakimu thelathini. Nani atazikariri?

#17 Mjukuu_wa_Manamba

Sikusema tuandike. Nimesema mtu aliyekuwa analipwa kwa hesabu hiyo, na aliyekuwa akipunjwa isipotimia, alifanya kazi na tano ndani ya thelathini. Hesabu ya mkataji ilikuwa na maana kubwa kuliko ya boksi la kalamu.

#18 Nahodha_Sahare

Mmesahau ishirini. Boriti za mikoko zinauzwa kwa korija, na korija ni 20. Majahazi yaliyokuwa yakibeba boriti kwenda Uarabuni yalihesabu korija. Mtu hakusema boriti mia mbili, alisema korija kumi.

#19 WajaLeo

Nahodha taja bei polepole, mikoko ni hifadhi.

#20 Nahodha_Sahare

Nasema ya zamani mwanangu. Na ngoja nimalize, maana kuna jambo linampinga Mgosi. Mwaka wa watu wa bahari, unaoanza siku ya Nairuzi, ule ambao Makunduchi wanausherehekea kwa Mwaka Kogwa, haukuhesabiwa kwa miezi 12. Ulihesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36, kisha siku tano za gatha, jumla 365. Nahodha alijua kusi inashika mwongo wa ngapi na kaskazi inaanza mwongo wa ngapi. Mwezi wa kuandama hausaidii hapo, kwa sababu unasogea kila mwaka na pepo hazisogei nao. Watu waliokuwa wanaweka roho zao baharini walichagua kumi.

#21 Mgosi_wa_Ngamiani

Miongo 36! Dazeni tatu kamili. Nahodha umenipa ushahidi mwenyewe.

#22 Nahodha_Sahare

36 imetoka kwa jua, siku 360 ukizigawa kwa kumi. Waliochagua walichagua kumi, hiyo 36 ilikuja yenyewe. Ila huo mwaka hauna siku ya nyongeza ya kila miaka minne, kwa hiyo unarudi nyuma siku moja kila miaka minne ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Anayeutumia anajua kurekebisha.

#23 MkusanyaSarafu

Kwenye fedha naona hamjagusa kitu muhimu. Kumi imeingia kwenye mifuko yetu majuzi tu, Waingereza walipoleta shilingi ya senti 100.

#24 Mwalimu_Makorora

MkusanyaSarafu, Wajerumani waliwatangulia. Rupia yao hapa ilikuwa na pesa 64 mpaka mwaka 1904, ndipo wakaigeuza kuwa rupia moja kwa heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ikaja 1921 na senti zake 100. Na Mwingereza mwenyewe kwake alibaki na peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, peni 240, mpaka Februari 1971. Yaani sisi tulikuwa tunahesabu kwa mia zaidi ya miaka 60 kabla yake.

#25 MkusanyaSarafu

Sawa kwa tarehe, ila hilo linaongeza nguvu ya nilichotaka kusema. Rupia ya pesa 64 unaikata nusu mara sita na hupati kipande: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Ilikuwa fedha ya Mama Pishi. Peni 240 ilikuwa fedha ya Mgosi, inakubali tatu, nne, tano, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Zote mbili zilikufa, na zilizoziua ni zilezile mia. Kama zilikuwa bora kiasi hicho, mbona zimeshindwa?

#26 FundiSaa

Zimeshindwa kwa sababu serikali na benki wanaandika vitabu kwa kumi, na anayeshika kitabu ndiye anayeshinda. Angalia saa. Ufaransa wakati wa mapinduzi, mwaka 1793, walitunga sheria ya siku yenye saa 10, kila saa dakika 100. Saa za namna hiyo zilitengenezwa. Kufika 1795 sheria ilisitishwa, watu waliikataa. Hapo serikali nzima ilisukuma kumi na ikashindwa na 12. Siku unaigawa kwa zamu, na zamu ni mbili, tatu au nne. Saa 24 zinakubali, saa 10 hazikubali zamu tatu. Nyumbani kwetu hapa jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, kwa mwaka mzima haipishani hata saa moja, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Nani ataniambia niite hiyo saa tano?

#27 WajaLeo

Kwa hiyo mpaka sasa: Mgosi 12, dada 24, mama 2, mzee 16, mjukuu 5 na 30, nahodha 20 na 10, fundi 60. Bado nani?

#28 Mwalimu_Makorora

Bado mimi. Nafundisha darasa la tatu, na nimekaa kimya kuhusu ninachokiamini: sita.

Fikirini jedwali la kuzidisha. Ukiacha sifuri na moja, na ukijua tatu mara saba ni sawa na saba mara tatu, mtoto anayehesabu kwa kumi anakariri majibu 36. Kwa kumi na mbili ya Mgosi ni 55. Kwa sitini ni 1,711, ndiyo maana Wababeli walikuwa wakitembea na majedwali yaliyoandikwa. Kwa sita ni majibu 10 tu! Mbili mara mbili hadi tano mara tano. Watoto ninaowaona wanalia kwenye saba mara nane wangemaliza jedwali lote kwa wiki.

Na sita inakubali mbili na tatu, sehemu zote ambazo Mgosi anazililia. Theluthi inaandikwa 0.2, nusu 0.3, zote zinakwisha. Robo ni 0.13, inakwisha. Tano haikwishi, lakini inajirudia kwa tarakimu moja tu, 0.111. Kwa kumi na mbili moja ya tano inajirudia kwa tarakimu nne, 2497, 2497. Na mikono inafaa hasa: kulia unahesabu moja hadi tano, ngumi ni sifuri, kushoto unahesabu mafungu ya sita. Mikono miwili inafika 35, na unachokiona mikononi ndicho unachoandika, tarakimu kwa tarakimu. Mjukuu, babu yako na mkono wake wa tano angeielewa bila kufundishwa.

#29 Mgosi_wa_Ngamiani

Mwalimu nimekaa na karatasi. Noti ya 10,000 kwa sita inaandikwa 114144. Tarakimu sita! Kwa kumi na mbili ni 5954, nne tu. Mimi naandika risiti kutwa. Unampunguzia mtoto mzigo wa mwaka mmoja unamwongezea mfanyabiashara mzigo wa maisha.

#30 Mwalimu_Makorora

Ukiwa na msingi wa sita hutachapisha noti ya 10,000, utachapisha ya sita mara sita mara sita mara sita mara sita, na itaandikwa 100000. Noti zinafuata msingi. Lakini ni kweli namba zinarefuka, hilo silikatai, hiyo ndiyo gharama yake.

#31 Kijana_wa_Donge

Kama ni udogo wa jedwali basi shukeni mpaka tatu. Mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Moscow walijenga kompyuta inaitwa Setun, Nikolay Brusentsov ndiye aliyeiongoza, na ilifanya kazi kwa tatu: hasi moja, sifuri, chanya moja. Mama Pishi hii itakuhusu. Kwa mizani ya sahani mbili ukiwa na mawe manne tu, ya kilo 1, 3, 9 na 27, unapima kilo yoyote kuanzia 1 mpaka 40. Kilo tano: weka jiwe la 9 upande mmoja, upande wa mchele ongeza la 3 na la 1. Kwa mawe ya mbili, 1, 2, 4, 8, 16, unahitaji matano na unaishia 31.

#32 MamaPishi

Mwanangu, mteja wangu akiniona naweka jiwe upande wa mchele wake ataita mgambo. Mizani si hesabu peke yake, ni kuaminiana na macho ya watu. Mawe matano nitayabeba. Ila hiyo ya kilo 40 kwa mawe manne nimeijaribu kichwani hapa na naona inakubali, sijui kwa nini hatukufundishwa.

#33 Bint_Ustadhi

Mwalimu, narudi kwako. Sita inatoa sudusi na theluthi vizuri, lakini thumni kwa sita inakuwaje? Mke ndiye mwenye thumni, na mara nyingi ndiye anayepunjwa.

#34 Mwalimu_Makorora

0.043, tarakimu tatu na inakwisha. Kwa kumi ni 0.125, tatu vilevile. Kwa kumi na mbili ni 0.16, mbili.

#35 Mgosi_wa_Ngamiani

Mbili! Mwalimu umelisema mwenyewe.

#36 Mjukuu_wa_Manamba

Na moja ya kumi kwenye kumi na mbili yako, Mgosi? Ushuru, zaka ya mazao, fungu la kumi la kanisani, vyote hivyo haviishi. Tuandikie hapa tuone.

#37 Mgosi_wa_Ngamiani

0.1 halafu 2497 inajirudia. Nimeiona. Lakini wakati huo ushuru utakuwa moja ya kumi na mbili, na wewe utalipa kidogo kuliko sasa.

#38 MzeeWaKete

Mmemaliza? Kijana wa Donge hajafika, na bao limeshapangwa. Mwalimu njoo naye, hilo jedwali la majibu kumi lilete limeandikwa, nina wajukuu wawili wanaoanza shule Januari.